Sabato ya Mgeni, Ijumaa Yetu

Niko ukurasa wa 41. Sijatajwa jina, lakini ni mimi: msichana wa miaka 15 anayepanda kutoka bondeni asubuhi na mtungi wa lita 20 kichwani, akiimba kwa sauti ya chini. Mwandishi anasimama kando ya njia kunipisha, na wimbo wangu, ndivyo anavyosimulia, unamfundisha kushukuru bila kungoja sababu.

Sikuwa naimba. Nilikuwa nakariri elementi 20 za kwanza, kuanzia haidrojeni mpaka kalsiamu, kwa sababu Jumatatu kulikuwa na mtihani wa kemia na mwalimu wetu hakuwa mtu wa mchezo. Tulikuwa tumezitungia mdundo darasani ili zikae kichwani. Kwa hivyo sawa, mdundo ulikuwepo. Lakini shukrani? Manze, hapana.

Kitabu chenyewe sitakitaja, wala mwandishi wake. Si woga. Ni mtu mwema, alikichapisha kwa pesa zake, na akamtumia nyanya yangu nakala 2 kupitia sanduku la posta la kanisa. Mwaka 2013 alikaa kwetu Nyamira miezi 7. Alikuwa ametoka Ulaya, kazi imemchosha, ndoa imevunjika, anatafuta mahali pa kunyamaza na kuomba. Mtu wa kanisa alimjua mtu wa kanisa, na ndivyo alivyofikia kwetu, akapewa chumba cha anko. Hicho chumba cha anko ukiweke akilini, tutakirudia.

Vitabu vya namna hii unavijua hata kama hujasoma hiki. Mtu anaenda mbali, iwe India, iwe Nepal, iwe Kisii. Anajifunza kula kwa mkono, anaugua tumbo, analia usiku mmoja wa mvua, kisha anarudi kwao akiwa mtu mwingine. Wale aliowaacha wanabaki vilevile, kwa sababu wakibadilika nao hadithi itaharibika. Na sisi wa rika hili tunajua kuvicheka. Tangu Binyavanga Wainaina aandike ile insha yake ya kejeli katika jarida la Granta mwaka 2005, ile ya kuwafundisha watu jinsi ya kuandika kuhusu Afrika, tumekuwa na kicheko tayari mfukoni. Mimi pia nilianza hivyo. Nilipiga kurasa picha, nikazitupa kwenye grupu ya mabinamu, tukacheka wikendi nzima. Halafu kicheko kikaisha, kitabu kikabaki mezani, na nikashtuka kwamba nimekisoma mara 3.

Kwa sababu kuna mahali anaandika vizuri, na mhakiki anayekataa kusema hivyo anadanganya. Anaandika mvua yetu kuliko mtu yeyote niliyemsoma. Si mvua ya kishairi, ni ile ya saa 9 alasiri, inayotoka upande wa Manga na ngurumo mbili za kuonya, inapiga mabati mpaka watu waliokaa meza moja wanaongea kwa mikono, halafu inaacha matope mekundu yanayovua mtu kiatu. Anaandika kuchuma majani chai, jinsi vidole vinavyotafuta majani mawili na chipukizi wakati macho yako kwingine, jinsi kapu linavyokuwa jepesi hadi ghafla si jepesi. Anakiri kwamba siku nzima alichuma kilo chache kuliko mama alizochuma kabla ya chai ya saa 4. Anaandika uchovu wa kukaa na watu usioelewa lugha yao, namna unavyocheka wakicheka na kuchelewa kidogo. Kurasa hizo hazina Mungu ndani yake, hazina somo, na ndizo bora kuliko zote. Akichoka anaona. Akianza kupata nuru, haoni tena.

Mfano ni suala la baba. Kuna kurasa 3 nzima kuhusu watoto wa boma letu kumwita mama yao "baba". Mwandishi alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kabla ya kuja, akalijua neno hilo, na likamgusa. Wanaume wako Nairobi, anaeleza, wamebaki wanawake wanaobeba kila kitu, na watoto kwa hekima yao wamempa mama jina la baba. Kutoka hapo anapanda hadi kwa Mungu ambaye ni baba na mama pamoja. Ni sura nzuri. Niliisoma nikiwa kwa matatu, nikacheka peke yangu hadi kondakta akaniangalia.

Kwa Ekegusii, baba ni mama. Basi. Baba mzazi ni tata. Ukizaliwa Kisii au Nyamira unakua ukijua kwamba shuleni, kwenye somo la Kiswahili, baba atageuka mwanamume, na utalizoea hilo ukiwa darasa la kwanza. Mtoto yeyote wa kwetu angemweleza kwa sekunde 5.

Kosa lenyewe si kitu, kila mtu hukosea lugha ya wenyewe. Kinachoniuma kama msomaji ni kwamba alikuwa na miezi 7 ya kuuliza. Nilirudi nikahesabu: katika kurasa zaidi ya 200, msimulizi anatuuliza maswali 4. Moja ni choo kiko wapi. Na hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba shida si ya mtu huyu, ni ya aina hii ya uandishi. Mtu amekuja kunyamaza. Ukimya ndio sadaka yake, ndio kazi yake. Sasa atauliza saa ngapi? Anabaki kuangalia, na kila anachokiangalia kinageuka alama.

Sura anayoipenda zaidi, na naona ndiyo wasomaji wake wataipenda, ni ya Sabato. Kwa asiyejua, Waadventista ni wengi sana Gusii, na Sabato huanza jua likitua Ijumaa. Anaeleza jinsi boma lilivyonyamaza. Hakuna jembe, hakuna kapu la chai, hakuna mtu anayekimbia. Chakula kinatokea kimepikwa. Nguo nyeupe zimetundikwa zimenyooka. Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya, amekaa kwenye kiti cha mbao na Nyimbo za Kristo mapajani. Mwandishi anasema huko kwao alipoteza siri ya kupumzika, na hapa ameikuta ikiishi kwa watu wa kawaida ambao hawajitahidi.

Hawajitahidi!

Wacha nikupe Ijumaa yetu. Nikitoka shule saa 10 nilikuwa naenda bondeni mara 4, na dada yangu mara 4, kwa sababu maji ya Jumamosi lazima yawe ndani kabla jua halijatua, na mgeni alipenda kuoga mara mbili kwa siku. Kuni zilipasuliwa Ijumaa. Nepia ya ng'ombe ilikatwa Ijumaa, mizigo miwili. Mama alitoka kupeleka majani chai senta, akapanga foleni ya mizani, akarudi amelowa, akakanda unga wa chapati. Viatu vya watu 8 vilisuguliwa matope. Zile nguo nyeupe zilinyooshwa kwa pasi ya makaa, na ole wako jivu lidondoke. Mimi ndiye niliyepiga pasi blauzi ya mgeni. Alinishukuru, nakumbuka. Katika kitabu blauzi imenyooka yenyewe.

Sisemi Sabato yetu ilikuwa ya uongo. Nilipokuwa nimekaa kanisani Jumamosi, miguu ikiwa imetulia kwa mara ya kwanza wiki nzima, nilipumzika kuliko nitakavyowahi kupumzika Nairobi. Lakini nilijua bei yake. Msimulizi wa kitabu hiki hajui bei ya kitu chochote.

Wala si mgeni wa kwanza wa roho kufika upande ule. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, alitua Gendia, pale ufukweni karibu na Kendu Bay, akaanzisha misheni ya Waadventista. Padri wa Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka 1911, na mwaka uliofuata Waadventista wakapanda hadi Nyanchwa, hatua chache kutoka mjini Kisii. Hiyo ni historia ya kila ubao wa kanisa. Ila Carscallen hakutua peke yake. Alikuwa na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kijana aliyekuwa amesomea Uingereza. Katika masimulizi ya kanisa niliyokutana nayo, Nyambo anapewa sentensi moja au mbili halafu anatoweka. Fikiria lakini: huyu naye ni msafiri. Naye yuko mbali na kwao, kati ya watu ambao lugha yao haijui, kwa ajili ya imani. Usiku analala wapi? Anakula na nani, na mzungu au na wenyeji? Nani anamfulia? Ningebadilisha rafu nzima ya kumbukumbu za wamisionari kwa daftari moja la Nyambo la matumizi ya wiki, sukari kiasi gani, sabuni kiasi gani.

Halafu Septemba 1914, Wajerumani walipoingia Kisii na Waingereza wakaondoka mjini kwa muda, watu wa kwetu walivunja na kupora, na vituo vya misheni havikuponea. Huwa inasimuliwa kama ushenzi au kama ukombozi, inategemea nani anasimulia. Mimi huiona pia kama uhakiki wa aina fulani, jibu la watu ambao hakuna aliyewauliza swali. (Magokoro akisikia nimeandika hivi atanitoa kwenye orodha ya kwaya.)

Kuna njia nyingine ya kuandika nyumba ya mtu, nayo tunayo mfano. Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani, alifanya utafiti Gusii kuanzia 1955 hadi 1957, na mwaka 1966 yeye na Barbara LeVine wakatoa kitabu, Nyansongo: A Gusii Community in Kenya. Humo kazi ya watoto ipo. Anayebeba maji yupo. Omoreri, yule mtoto anayepewa kulea mtoto mdogo wakati mama yuko shambani, yupo, na anachukuliwa kama mtu mwenye kazi, si malaika wa njiani. Nilipokisoma chuoni nilihisi kitu kama haki. Lakini pia nilihisi baridi. Tumepangwa humo kama vyombo kabatini: hofu zetu, tuhuma za uchawi, jinsi tusivyoonyesha mapenzi hadharani. Hakuna anayefanya mzaha, na mimi sijawahi kukaa jikoni kwa Mkisii dakika 10 bila mzaha. Sarah LeVine alisogea karibu zaidi mwaka 1979 katika Mothers and Wives, kwa kukaa na wanawake wachache na kuwaacha waongee, na nadhani siri ni hiyo tu. Aliuliza.

Ningeishia hapa ningekuwa nimeandika uhakiki safi. Mgeni haoni, mwenyeji anaonewa, kwaheri. Shida ni chumba cha anko.

Desemba iliyopita nilimsomea Magokoro kitabu, nikitafsiri Kiingereza kwa Ekegusii sentensi kwa sentensi, mama akiwa anachambua chinsaga kando yetu. Tulipofika mahali mwandishi anaposifu amani ya boma, kwamba miezi 7 hakusikia sauti iliyopandishwa, mama alitoa kicheko cha pua. Magokoro akamwangalia. Nikauliza ni nini. Ndipo nikaambiwa yale ambayo nikiwa na miaka 15 nilikuwa nimeambiwa nusu.

Wiki moja kabla ya mgeni kufika, Magokoro aliwaita watu wazima jikoni. Anko, ambaye wakati huo chang'aa ilikuwa imemshika vibaya, alipelekwa kwa shangazi Keroka, na mgeni akaambiwa kijana amepata kazi huko. Ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani, ambao ulikuwa umefika kwa chifu, ulisimamishwa kwa makubaliano mpaka mgeni aende. Wakaanza upya wiki aliyoondoka. Tata alipokuja kutoka Nairobi aliombwa asiongee mambo ya pesa mezani. Sisi watoto tulikatazwa kulia usiku. Kwa kifupi, wasee, tulimtengenezea. Ile amani aliyoikuta ilikuwa imeandikwa kabla hajashuka kwenye gari, na mwandishi wake alikuwa mwanamke ambaye hajamaliza shule ya msingi.

Na pesa. Kila mwisho wa mwezi mgeni alimpa Magokoro bahasha. Haimo kitabuni hata mara moja. Mimi niliamini karo yangu ya kidato cha pili ilitoka kwa bonasi ya chai, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Ilitoka kwa bahasha. Yaani yule msichana wa ukurasa wa 41, na ile kemia anayoikariri, amelipiwa na mwanamke anayesimama kando ya njia kumpisha, na wote wawili hawajui hivyo. Mgeni alificha bahasha kwa unyenyekevu, nadhani, au kwa sababu pesa ingechafua ukimya. Magokoro aliificha kwa heshima, maana mgeni hauzwi kitanda. Kitabu kinachodai kusema kila kitu kimekatwa kutoka pande mbili, na waliokata hawakupanga pamoja.

Tangu hapo nashindwa kukisoma kama zamani. Kila anapoandika kwamba hawa watu hawajitahidi, naona jitihada ya Magokoro imefaulu. Ndilo alilotaka aone. Hasira yangu ya blauzi ipo bado, siifuti, lakini sasa haijui imwendee nani. Mabinamu zangu walio Minnesota, ambako Wakisii wamejaa, hututumia video za Sabato yao: kwaya, suti, theluji nje ya dirisha. Hawatumi ile zamu ya usiku ya kugeuza wazee kitandani waliyotoka nayo asubuhi hiyohiyo. Hakuna anayewauliza, na wakiulizwa wangesema mbuya mono, mambo ni mazuri.

Jina pia. Magokoro alimpa mgeni jina la Moraa. Mwandishi analo katika sura ya mwisho, analibeba hadi uwanja wa ndege kama hirizi. Mkisii yeyote akisikia Moraa atamfikiria pia Moraa Ng'iti, yule nabii mwanamke aliyewahimiza vijana wawakatae Waingereza, mpaka Otenyo akamchoma Northcote, mkuu wa wilaya, kwa mkuki Januari 1908. Nilikuwa tayari nimeshaandika aya nzima ya kejeli: mgeni amepewa jina la mwanamke aliyetaka wageni waende. Nikamuuliza Magokoro kama alikuwa na maana hiyo. Akasema mama yake aliitwa Moraa, na mgeni alikuwa na masikio kama yake. Nikaifuta aya.

Tulipomaliza kusoma, jioni ya tatu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ameandika kuhusu kuku.

Kuku gani?

Usiku wa kwanza alichinjiwa kuku, jogoo mkubwa, na obokima ya wimbi. Hakuna aliyejua kwamba mgeni hali nyama, hajala tangu ujana wake. Alikula. Alikula paja, akaongezwa, akala, akasema mbuya mono jinsi alivyofundishwa garini. Baadaye Magokoro alitoka kufunga banda, akasikia mtu nyuma ya migomba. Mgeni alikuwa ameinama anatapika, mkono mmoja umeshika mgomba, mwingine umeziba mdomo ili sauti isifike nyumbani. Magokoro alizima tochi akasimama gizani mpaka akamaliza. Kesho yake akatangaza kwamba kuku wanataga, hakuna kuchinja. Miezi 7 tulikula maharagwe na chinsaga, na mimi nililalamika kila siku.

Nilipekua kitabu chote tena, sura ya kwanza mara mbili. Kuna obokima. Kuna taa ya mafuta, kuna mikono iliyonawishwa kwa birika. Kuku hayupo.

Nikamwambia hayupo. Magokoro alikichukua kitabu, akakifunika kwa kile kitambaa anachofunikia Biblia, akakirudisha kabatini.

"Ukimwandikia," akasema, "mwambie nilimwona."